Waacheni Wakumbatiane

Siku hizi mechi ya Simba na Yanga huisha mara mbili. Mara ya kwanza ni mwamuzi anapopuliza kipenga cha mwisho. Mara ya pili ni kesho yake asubuhi, picha zinapozunguka kwenye simu: beki wa huku kamshika shingo mshambuliaji wa kule na wote wanacheka, viungo wawili wamebadilishana jezi, kipa aliyefungwa ananong'onezana na aliyemfunga. Kufikia saa sita mchana hukumu imeshatoka vijiweni na kwenye vipindi vya michezo, tena inatolewa na watu wazima wanaoujua mpira: upinzani umekufa. Wachezaji wa leo wamezoeana mno. Wakala wao mmoja, kinyozi wao mmoja, wanapeana pole na hongera Instagram. Huyu leo yuko Msimbazi kwa Simba, mwakani utamwona Jangwani kwa Yanga. Zamani, wanasema, wiki ya mechi mchezaji wa Simba hakuvuka mtaa kumsalimia wa Yanga, na ndiyo maana mpira ulikuwa mpira.

Malalamiko haya hayaishii Kariakoo, Dar es Salaam. Nairobi utayasikia kuhusu Gor Mahia na AFC Leopards. Marekani, wastaafu wa mpira wa kikapu huyarudia kila msimu mpya unapoanza. Yamezoeleka kiasi kwamba anayeyapinga huonekana hajawahi kukaa jukwaani akaungua jua. Mimi nimekaa. Ni mtu wa Yanga tangu utoto, na dabi ikikaribia usingizi wangu haueleweki. Nayapinga maoni haya bila kubakiza. Yanaisingizia zamani, yanaisingizia leo, na mabaya zaidi, yanawatwisha lawama wasiohusika huku wahusika wenyewe wakikaa wametulia.

Nianze na leo. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5–1. Ndani ya vikosi vile walikuwamo watu wanaojuana kwa undani, waliolala kambi moja ya timu ya taifa, Taifa Stars, wakala meza moja, wakasafiri ndege moja. Ukaribu ule haukuwapunguzia Yanga hata bao moja, wala haukuwafariji Simba. Kabla ya wiki kwisha, kocha wa Simba Roberto Oliveira, yule tuliyemwita Robertinho, alikuwa hana kazi. Hadi siku ile timu yake ilikuwa haijapoteza mchezo wa ligi msimu huo. Mechi moja ilitosha kumwondoa mtu mzima mjini. Kama huo ndio upinzani uliokufa, basi ulipokuwa hai sijui ungefanya nini.

Au tazama mwaka 2025, Mohamed Hussein 'Tshabalala' alipohama. Nahodha wa Simba, aliyekaa Msimbazi zaidi ya miaka kumi, akavaa jezi ya kijani na njano. Kwa siku kadhaa hakukuwa na mazungumzo mengine kwenye daladala. Wapo waliomwita msaliti na wapo waliomtetea kwamba riziki haina rangi, lakini sikumsikia hata mmoja aliyesema haimhusu. Uhamisho unawachoma watu namna hiyo kwa sababu mpaka kati ya timu hizi mbili bado upo na kila mtu anaujua. Na si mpya. Kelvin Yondani alitoka Simba kwenda Yanga mwaka 2012, Amissi Tambwe akamfuata 2014. Haruna Niyonzima alikwenda upande wa pili 2017, kisha akarudi. Bernard Morrison alivuka 2020 na kurejea 2022. Clatous Chama alivuka 2024. Mpaka umevukwa miaka yote hiyo, na hadi leo kila anayeuvuka anapigiwa kelele ileile.

Sasa hiyo zamani. Wanaoisifu wanaikumbuka kwa macho ya jukwaani, na jukwaani ni kweli kulikuwa na moto. Uwanjani na mitaani hali ilikuwa nyingine. Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata kundi lilijitenga, likaunda timu yake, nayo ikapitia majina ya Queens na Sunderland kabla ya kuwa Simba mwaka 1971. Waliobaki na walioondoka walikuwa vijana wa Dar es Salaam iliyokuwa ndogo, mji ambamo usingeweza kumkwepa mtu. Waligombana hali wakijuana hadi majina ya mama zao. Asiyejua hilo anadhani upinzani huu uliletwa na wageni wawili waliokutana wakachukiana.

Chukua ukoo wa Manara. Kitwana, Sunday na Kassim walikuwa nyota wa Yanga, na Sunday alisifika hata nje ya mipaka yetu. Mwanawe Sunday, Haji, alikuja kuwa msemaji wa Simba, na wa makeke yasiyosahaulika, hadi alipohamia Yanga mwaka 2021. Nyumba moja ilizibeba rangi zote na bado nchi nzima iliendelea kubishana. Mstari unaozitenga klabu hizi hupita ndani ya familia, kati ya mume na mke, kati ya baba na mtoto. Iweje leo tutake upite kati ya mchezaji na mchezaji kama ukuta wa gereza?

Na hao tunaoambiwa hawakusalimiana, walivaa jezi moja ya taifa. Julai 19, 1977, Simba iliipiga Yanga 6–0, na Abdallah Kibadeni akafunga matatu. Ni kipigo ambacho sisi wa Jangwani hatujapata cha kukifuta mpaka leo. Miaka miwili baadaye, Agosti 1979, Taifa Stars iliyochanganya watu wa Simba, Yanga, Pan African na kwingineko ilikwenda Ndola kukabili Zambia. Peter Tino akasawazisha, mechi ikaisha 1–1, na Tanzania ikakata tiketi ya Fainali za Mataifa ya Afrika za Lagos, 1980. Baada ya hapo tulisubiri miaka 39. Mtu aniambie ni chuki gani iliyowatoa vijana wale kwenye jeraha la sita bila hadi kwenye furaha ya Ndola. Walikuwa wameshindana hadi mwisho, kisha wakaheshimiana, wakafanya kazi.

Tunayo tayari desturi inayotufundisha jambo hili, na inanishangaza kwamba watu wanaikumbuka harusini na kuisahau uwanjani. Wangoni na Wahehe walipigana kwa mikuki katika karne ya 19, damu ikamwagika kweli. Leo ni watani. Mtani anaingia msibani kwako, anamdhihaki marehemu, anaweza kushuka kaburini na kukataa kutoka hadi alipwe, na huyohuyo ndiye anayechota maji na kupika chakula cha waombolezaji. Dhihaka yake haina mpaka kwa sababu undugu umeshathibitishwa. Simba na Yanga wameishi ndani ya desturi hiyo tangu mwanzo. Tarehe 6 Mei 2012 Simba walitufunga 5–0. Kabla giza halijaingia, shemeji yangu alimtuma mwanawe nyumbani kwetu na mayai matano kwenye mfuko wa nailoni. Nilikasirika, nikawaza kuyavunja, halafu mke wangu akayakaanga. Kwa miaka kumi na moja nilimsubiri mtu yule. Novemba 2023, kabla sijakaa sawa, nilikuwa nimeshamtumia mtoto na mayai yangu matano, na la sita nikaliweka kwa ajili ya bao lao moja.

Hapo ndipo nguvu ya jambo lenyewe ilipo. Ukifungwa na mtu usiyemjua, unaumia siku mbili, unasahau. Ukifungwa na mtu utakayekutana naye sebuleni Idi ijayo, maumivu hayana tarehe ya kwisha. Wachezaji nao ni hivyohivyo. Beki wa Yanga aliyefunguliwa miguu na rafiki yake wa Simba atakutana naye kambini Taifa Stars baada ya wiki chache, na mezani kuna mtu atakayeigiza jinsi alivyoanguka, na watu watacheka mpaka wamwage chai. Analijua hilo kabla mechi haijaanza. Ndiyo maana anakaba kama anakabia jina lake. Zaidi ya hapo, wamefanya mazoezi pamoja. Mmoja anajua mwenzake huegemea mguu gani akitaka kugeuka, anajua akichoka hufanya nini. Rafiki ni mpinzani mgumu kuliko adui, kwa sababu adui hakujui.

Ukitaka ushahidi kutoka mbali, upo. Larry Bird wa Boston Celtics na Magic Johnson wa Los Angeles Lakers walikutana kwanza kwenye fainali ya vyuo vikuu ya 1979, na kwa miaka kadhaa hawakuwa na la kuzungumza. Mwaka 1985 kampuni ya viatu ya Converse iliwakutanisha nyumbani kwa Bird, French Lick, jimboni Indiana, kupiga tangazo. Mama yake Bird akawapikia chakula cha mchana. Walipokaa wakagundua wote wawili wametoka nyumba za watu wa kipato kidogo, na tangu siku ile wakawa marafiki. Kwa hoja ya wazee wetu, fainali ya 1987 ilipaswa kuwa ya kuoneana haya. Mechi ya nne, ndani ya Boston, zikiwa zimebaki sekunde chache, Magic akakatiza katikati na kurusha mpira kwa mkono mmoja juu ya vichwa vya watu warefu kumliko. Lakers 107, Celtics 106. Ubingwa ukaenda Los Angeles kwa mechi nne dhidi ya mbili, na hakuna anayeikumbuka fainali ile kama mchezo wa kirafiki.

Mwaka uliofuata Magic alikutana fainali na rafiki yake mwingine, Isiah Thomas wa Detroit Pistons. Kabla ya mchezo walibusiana shavuni mbele ya watazamaji wote. Picha ile ingetokea leo Uwanja wa Mkapa, wachambuzi wangeijadili mwezi mzima. Kilichofuata? Katika mechi ya nne Magic alimwangusha Isiah kwa mkono alipokuwa akipenya, na Isiah akainuka na kumvaa. Katika mechi ya sita Isiah alifunga pointi 25 ndani ya robo ya tatu peke yake, huku akichechemea kwa kifundo kilichoteguka. Fainali ilikwenda hadi mechi ya saba, Lakers wakaishinda kwa pointi tatu. Kama kuna kilichoumia katika wiki zile mbili ni ule urafiki, ambao baadaye ulikatika kwa miaka mingi. Ushindani wenyewe haukupungua hata chembe.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa hapa kwetu, na haumo kwenye mpira. Haile Gebrselassie wa Ethiopia na Paul Tergat wa Kenya. Olimpiki ya Atlanta 1996, mita 10,000, Haile dhahabu, Tergat fedha. Mashindano ya dunia ya 1997, hivyohivyo. Ya 1999, hivyohivyo. Kisha Sydney, Septemba 2000. Tergat alichomoka katika mzunguko wa mwisho, akafungua pengo, na wote tuliokuwa mbele ya redio na televisheni Afrika Mashariki tukasema sasa imekwisha. Haile akamfuata hatua kwa hatua mpaka wakaingia mstarini bega kwa bega. Dakika 27, sekunde 18.20 kwa Haile, 18.29 kwa Tergat. Sehemu tisa za mia ya sekunde baada ya kilomita kumi! Katika Olimpiki ileile, mshindi wa mita 100 kwa wanaume alimwacha wa pili kwa pengo kubwa kuliko hilo. Watu hawa wawili ni marafiki na hawajawahi kulificha jambo hilo. Tergat alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2003, saa 2:04:55, aliyekuja kuivunja palepale Berlin mwaka 2007 alikuwa Haile, 2:04:26. Nani kati ya wanaotaka chuki irudi anaweza kunionyesha maadui wawili walioupa ulimwengu zaidi ya hicho?

Nimesema sana juu ya urafiki. Chuki nayo ina hesabu zake. England mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na Rio Ferdinand wa Manchester United, Steven Gerrard wa Liverpool, Frank Lampard wa Chelsea na wengine wa daraja lao. Wenyewe wamekiri hadharani baada ya kustaafu kwamba uhasama wa klabu uliingia nao kwenye kambi ya taifa, wakawa hawawezi kuwa kitu kimoja. Waliishia robo fainali 2002, 2004 na 2006, na Kombe la Ulaya la 2008 hawakufuzu kabisa. Hispania nako, Iker Casillas wa Real Madrid alinyanyua simu mwaka 2011 kumpigia Xavi wa Barcelona baada ya mechi za timu zao kuanza kugeuka ngumi. Madrid wapo waliomwona msaliti. Mwaka mmoja baadaye wawili hao walibeba pamoja Kombe la Ulaya, Italia ikiwa imefungwa 4–0 kwenye fainali. Mechi za Madrid na Barcelona zilibaki kuwa mechi zinazotazamwa kuliko karibu zote duniani.

Na anayetaka kuona uhasama ukiachiwa kamba yote, atazame Buenos Aires, Novemba 2018. River Plate na Boca Juniors kwenye fainali ya Copa Libertadores, jambo ambalo Argentina ilikuwa imeliota miaka mingi. Basi la Boca likapigwa mawe likielekea uwanjani, wachezaji wakaumia, mechi ikaahirishwa, na mwishowe ikachezwa Madrid, bara jingine, tarehe 9 Desemba. River wakashinda 3–1. Mashabiki wa kawaida wa Buenos Aires, wale wa kupanda treni na kuvaa skafu za babu zao, walinyang'anywa mechi kubwa kuliko zote za maisha yao. Miaka mitano kabla ya hapo mashabiki wageni walikuwa wameshapigwa marufuku viwanjani kwenye ligi yao. Jukwaa la upande mmoja! Hapo ndipo upinzani unapokufa, maana huna hata wa kumzomea.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita juu juu. Wanasema urafiki unafungua mlango wa kuuza mechi: leo mnakula pamoja, kesho unaombwa ulegeze mguu. Naelewa hofu hiyo inatoka wapi. Tumekua tukiisikia, kila kipa aliyefungwa bao la kizembe kwenye dabi amewahi kuambiwa kauza, na wako ambao maisha yao ya soka yaliishia kwenye uvumi ule bila hata mtu kuonyesha shilingi moja. Lakini tufikiri. Mechi hununuliwa kwa fedha, na mwenye fedha ya kununua mechi si beki mwenzako. Mchezaji anayeweza kushawishika ni yule ambaye mshahara wake una miezi haujaingia, mwenye kodi ya nyumba inayomsubiri na asiye na mwenzake wa kumweleza. Ukitaka kumlinda, mlipe kwa wakati na mchunguze mletaji wa fedha. Kumkataza asimsalimie rafiki yake ni kumwongezea upweke.

Hili la mishahara lina upande mwingine. Mchezaji wa mpira ni mfanyakazi, na kazi yake ni fupi. Goti likigoma akiwa na miaka 27, hakuna anayemjua akiwa na 30. Anayeelewa hali hiyo vizuri kuliko wote ni mchezaji mwenzake wa timu pinzani. Yeye ndiye atakayemwambia mkataba ule una kifungu kibaya, daktari yule usimwamini, klabu ile haitalipa. Wachezaji wetu wana chama chao, SPUTANZA, na chama cha wafanyakazi hakiwezi kuwa na sauti ikiwa wanachama wake wametakiwa wachukiane kwa faida ya jukwaa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nikimsikia kiongozi wa klabu akihimiza wachezaji wake wasijichanganye na wale wa upande wa pili, najiuliza anaogopa waambizane nini.

Shabiki ninamwachia neno lake, kwa sababu yake ni ya moyoni. Amepanda basi kutoka Mwanza, kalala stendi, kanunua tiketi kwa fedha ya mahitaji, timu yake imefungwa tano, na mchezaji aliyemwimbia dakika tisini anacheka na waliomfunga. Inauma. Hapo nakubaliana naye kwamba mchezaji amekosa adabu. Kwanza nenda jukwaani, simama mbele ya watu wako, piga makofi au inamisha kichwa, wape nafasi ya kukuzomea kama wanataka. Ukishamaliza deni hilo, nenda kwa rafiki yako. Ni suala la utaratibu na heshima, na nahodha mzuri anaweza kulisimamia kwa wiki moja tu ya mazoezi. Halihitaji chuki.

Nimebakiza wanaoiumiza dabi kweli, na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Mei 8, 2021. Simba na Yanga zilipangiwa kucheza saa kumi na moja jioni. Siku hiyohiyo ukatolewa uamuzi wa kuisogeza mechi hadi saa moja usiku. Yanga wakafika uwanjani kwa saa ya awali, wakakaa, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa mpya. Mechi haikuchezwa. Watu walikuwa wamejaa uwanjani tangu asubuhi. Ilichezwa Julai 3, Yanga wakashinda kwa bao moja la Zawadi Mauya.

Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia mechi Simba walikwenda Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi yao ya mwisho, wakazuiwa kuingia. Wakatangaza hawatacheza. Siku ya mechi Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo, Yanga wakafika uwanjani wakisema wao wapo tayari, na watu waliotoka Kigoma, Mbeya na Arusha wakabaki wamesimama barabarani na tiketi mkononi. Zikafuata wiki za matamko, barua na vitisho vya kutocheza, hadi Juni 25, siku ya Jumatano, msimu ukiwa ukingoni. Yanga tukashinda 2–0 na kuchukua ubingwa. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini kwa miezi mitatu na nusu dabi yetu ilikuwa imesimamishwa na watu ambao hata mmoja wao havai bukta.

Kenya nao wana yao. Kati ya 1979 na 1985, kila mwaka bila kukosa, kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati lilichukuliwa na Gor Mahia au na Leopards, iliyoanza na jina la Abaluhya. Upinzani wao unaitwa dabi ya Mashemeji kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana vizazi na vizazi, na katika miaka ile ya mashemeji kukabana koo, kanda nzima ilikuwa ikiwafuata nyuma. Leopards hawajaubeba ubingwa wa Kenya tangu 1998. Gor waliuchukua mara saba kati ya 2013 na 2020. Mwaka 2019 kampuni ya kubashiri ya SportPesa ilipojiondoa baada ya mgogoro wa leseni na serikali, klabu zote mbili zilipoteza mfadhili kwa mpigo, na wachezaji wakaanza kuhesabu miezi bila mshahara. Leopards ikadhoofika, na dabi ikadhoofika nayo, maana ushindani unataka wawili wenye nguvu. Mtu anayekaa Nairobi akasema dabi imepoa kwa sababu vijana wanapiga picha pamoja, anawafunika waliosaini mikataba ile na waliozikusanya fedha za getini bila vijana kulipwa.

Kwa hiyo wiki ya dabi ijayo maswali yangu nitayapeleka kwa Bodi ya Ligi na kwa viongozi wa klabu zote mbili, yangu ikiwa ya kwanza. Nani ana ufunguo wa Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, na ameandikiwa na nani? Saa ya mchezo ikibadilishwa siku ya mchezo, nani anawajibika kwa jina lake? Aliyenunua tiketi ya Machi 8 akitokea Kigoma, nauli yake ya kuja na kurudi alirudishiwa na nani?